Malkia Mchawi Mwenye Jina la Binti Yetu



Mhariri wa jarida letu hili aliwaomba wazazi waandike juu ya mambo wanayoyapenda watoto wetu katika nchi hizi za ugenini, na ambayo sisi wakubwa hutuwia taabu kuyafahamu. Tunatumai wenzetu wataandika juu ya mpira na muziki. Sisi tunaandika juu ya sanduku la kadibodi lililomo chini ya kitanda nyumbani kwetu, lenye vitabu vya katuni 83, na takriban vyote vinamhusu mwanamke wa namna moja: malkia mchawi asiyekufa.

Mambo yalianza mwaka 2014 katika soko la Jumapili la mji wetu huu wa Uingereza, soko lile ambalo watu huuza vyombo vyao vya zamani nyuma ya magari yao. Binti yetu Asha, wakati huo akiwa na umri wa miaka 11, alikuwa akifukua rundo la magazeti makuukuu, akaibuka na kitabu kimoja chenye kurasa zilizogeuka rangi ya chai. Kilikuwa namba 24 katika mfululizo wa Marvel Classics Comics, kilichotolewa Marekani mwaka 1977, na anwani yake ni She. Muuzaji alitaka peni 50. Mtoto hakukitaka kwa ajili ya picha. Alikitaka kwa sababu malkia anayetawala ndani yake, kule mapangoni Afrika ya Mashariki, anaitwa Ayesha.

Wasomaji walio na umri wetu huenda wanamfahamu mtungaji wa kisa hicho bila ya kujua kwamba wanamfahamu. Ni H. Rider Haggard, Mwingereza ambaye kitabu chake kingine kilifasiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, kikasomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kiswahili. Humo nako mna ajuza mchawi, Gagool, aliyedaiwa kuishi vizazi na vizazi hadi alipopondwa na mlango wa jiwe. Ayesha si ajuza. Ni mwanamke wa Kiarabu kutoka Yemen, mwenye uzuri usiosemeka, aliyeoga ndani ya moto wa uhai na kukaa zaidi ya miaka 2,000 akimngojea mpenzi wake aliyemuua yeye mwenyewe kwa wivu. Kisa kilitoka kwanza kwa vipande katika gazeti la London liitwalo The Graphic, tangu Oktoba 1886 hadi Januari 1887.

Kwetu pwani jina hili lina sura nyingi: Aisha, Esha, Asha, Mwanaisha. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni aliye hai, mwenye kuishi. Bila shaka wazee wetu wanapowapa mabinti jina hilo hawafikirii maana ya kamusi. Wanamkusudia Mama wa Waumini, binti wa Sayyidna Abubakar. Haggard aliichukua maana akaigeuza mchezo: mwanamke asiyekufa akaitwa Mwenye Kuishi. Asha alipoazima riwaya yenyewe maktabani, maana kitabu cha katuni hukata mengi, alikuta tanbihi ya mwandishi inayomwambia msomaji kwamba jina hilo hutamkwa Assha. Alituita jikoni sote kuionyesha. Miaka yote shuleni walimu walikuwa wakimsahihisha jinsi ya kulitamka jina lake mwenyewe, na kumbe Mwingereza wa mwaka 1886 alikuwa ameshaandika kwamba matamshi ya bibi zake ndiyo yaliyo sawa.

Kuanzia hapo akawa mkusanyaji. Sisi tulidhani kukusanya ni kununua tu. Si hivyo. Ayesha mwenyewe hakuchorwa mara nyingi, na kila nakala ilikuwa na safari yake. Toleo la kale alilolitafuta ni namba 3 ya Fast Fiction, la mwaka 1950, ambalo baadaye lilibadilishwa jina la mfululizo na kuitwa Stories by Famous Authors Illustrated. Lilimgharimu fedha za Idi mbili, nalo likaja kwa posta kutoka Marekani likiwa halina jalada la nyuma. Kisha akaiongeza namba 97 ya Classics Illustrated, ya mwaka 1952, kwa sababu ya yule Gagool. Alipoona chemchemi imekauka, akahamia kwa ndugu wa Ayesha, wachawi wengine wasiokufa. Mkubwa wao ni Selene wa kampuni ya Marvel, aliyeonekana kwanza katika namba 9 ya New Mutants, Novemba 1983, mwanamke wa maelfu ya miaka anayeishi kwa kufyonza uhai wa wenziwe. Baadaye alitumbukia ndani ya moto wa volkano. Mwaka uliofuata alikuwa amerudi, katika namba 184 ya Uncanny X-Men, kama mtu aliyetoka kuoga.

Kuhusu jambo hilo tuna maoni yetu. Haggard alimuua Ayesha mwishoni mwa riwaya: aliingia motoni mara ya pili, na moto uleule uliompa umri ukamzeesha miaka yake yote kwa dakika chache, akasinyaa akawa mfano wa kima. Kwa Mwislamu huo ni mwisho uliokaa sawa, kwani hakuna nafsi isiyoonja mauti. Lakini kitabu kiliuzika mno, na mwaka 1905 akamrudisha katika riwaya nyingine, kisha tena mwaka 1921, na tena mwaka 1923. Kinachowapa uhai wachawi hawa hakimo katika moto wala damu. Kimo katika mauzo.

Asha alitufundisha pia namna ya kuvitunza. Karatasi ya katuni za zamani ni ile ya magazeti, iliyotengenezwa kwa rojo la mbao. Ina asidi ndani yake, na asidi huila karatasi yenyewe hata ikiwa haijaguswa na mtu. Mwanga wa jua huharakisha kazi hiyo, na unyevu wa nyumba za nchi hizi huzitia kutu pini za katikati. Basi kila kitabu kina mfuko wake wa plastiki safi na kadi isiyo na asidi nyuma yake, na sanduku hukaa mbali na ukuta wa nje. Pia tulijifunza kwamba nakala nyingi za Marvel zilizoletwa Uingereza katika miaka ya 1970 zilichapwa bei kwa peni badala ya senti, na kwamba wakusanyaji walizidharau kwa muda mrefu kana kwamba si halisi, ingawa zilitoka katika mitambo ileile. Asha alizipenda hizo zaidi. Hakutueleza sababu, nasi hatukumuuliza, lakini mtoto aliyezaliwa huku na wazazi waliotoka kule huenda ana sababu zake.

Hapa ndipo ilipotujia mitihani. Mzazi mmoja, aliyekuja kumchukua mwanawe nyumbani kwetu, aliliona sanduku liko wazi. Siku ya pili tukapigiwa simu. Tulikumbushwa kwamba sihiri ni mojawapo ya mambo saba yenye kuangamiza, kama ilivyokuja katika hadithi sahihi, na tukaulizwa iweje jina la Mama wa Waumini likae chini ya picha ya mwanamke mchawi aliyevaa nusu nguo. Hatukukasirika, kwa kuwa swali hilo tulikuwa tumeshaulizana wenyewe usiku baada ya watoto kulala, na sisi wawili hatukuwa na rai moja. Mmoja wetu alitaka sanduku litoke siku ileile. Mwingine alisema kwamba katika Alfu Lela Ulela, ambayo tulisimuliwa tungali wadogo, yumo Malkia Lab aliyewageuza wanaume wanyama, na hakuna mtu yeyote kwetu aliyetoka hapo akaenda kutafuta uchawi.

Katika kutafuta hoja tuligundua kwamba wenyeji wa nchi hizi nao walipitia hofu kama yetu. Mwaka 1954 daktari wa maradhi ya akili wa New York, Fredric Wertham, alitoa kitabu kikali kudai kwamba katuni zinawaharibu watoto. Baraza la Seneti la Marekani likasikiliza mashahidi, na wachapaji wakajiwekea kanuni na muhuri wao mwaka huohuo. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1955 dhidi ya katuni za kutisha. Muhuri ule mdogo ulikuwa ukichapwa pembeni mwa jalada, na Asha aliweza kutuonyesha ni mwaka gani walilegeza nini. Kwa mfano, mwaka 1971 mazimwi na wanyonya damu waliruhusiwa tena iwapo watachorwa kwa mtindo wa vitabu vya kale vyenye kuheshimika. Kwa hiyo uchawi wenye shahada ulipita, usio na shahada ukabaki nje. Tulicheka, lakini rai zetu zikabaki mbili.

Tulifikia mapatano ya muda. Sanduku lisikae chumba kimoja na msahafu, majalada yasiyo na haya yasitundikwe ukutani, na Asha asikose madrasa kwa ajili ya maonyesho ya katuni. Mapatano hayo yalidumu hadi mwaka 2018, alipokuja Bibi kutoka Unguja kukaa nasi miezi minne. Bibi ni mama mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, kwa hivyo kauli yake ndani ya nyumba haina rufaa. Tulijua kwamba akisema litupwe, litatupwa.

Wiki ya kwanza aliliuliza lile sanduku lina nini. Asha alimwambia kweli yote, kwamba ni vitabu vya mchawi mwenye jina lake. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akataka avione. Alipoonyeshwa picha ya Ayesha amejifunika shela kuanzia utosini hadi miguuni, kama alivyo katika riwaya, akasema, "Huyu angalau kajitanda." Alipoonyeshwa Selene akageuza uso. Kisha akamwambia mjukuu wake, "Basi nisomee. Siwezi kuhukumu nisichokisikia."

Asha alimsomea kwa jioni nyingi baada ya Magharibi, akichukua picha katika katuni na maneno katika riwaya, na kufasiri papo kwa papo kwa Kiswahili chake cha ugenini, huku Bibi akimsahihisha. Sisi tulikuwa tukisikiliza kutoka jikoni. Mwanzo wa kisa Waingereza wanasafiri kwa jahazi katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Dhoruba inalizamisha jahazi, na mabaharia wote wanakufa maji isipokuwa nahodha, Mwarabu ambaye Haggard amemwita Mahomed. Yeye na Waingereza wanaokolewa kwa mashua na kuingia bara kwa mto, wanakutana na watu wa Ayesha, nao wana ada ya kumuua mgeni kwa kumvika kichwani chungu kilichokolezwa moto, kisha kumla. Malkia alikuwa ametuma amri kwamba wageni weupe wasidhuriwe. Amri haikumtaja asiye mweupe. Basi usiku wa karamu nahodha anawekewa chungu. Mwingereza mmoja anampiga risasi mwanamke anayemshika, na risasi hiyohiyo inapenya na kumuua nahodha pia. Msimulizi anaona ni afadhali kuliko chungu, na kisa kinaendelea.

Bibi hakutaka kiendelee. Tunapaswa kueleza kwamba baba yake alikuwa nahodha, mwenye kupeleka boriti za mikoko kutoka Lamu hadi Ghuba kwa upepo wa kusi na kurudi kwa kaskazi na tende. Mwaka 1949 jahazi lake halikurudi. Maiti yake haikuonekana, akasaliwa sala ya ghaibu. Bibi alikuwa na miaka 6. Jambo hilo tulikuwa tukilijua kama watu wajuavyo mambo ya ukoo, yaani bila ya kulizungumza.

"Na huyo nahodha," Bibi aliuliza, "walimsalia?"

Asha alichukua muda kujibu. "Hakubaki wa kumsalia, Bibi. Wenziwe wote walikuwa wameshakufa maji."

Bibi akasema, "Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiun," kama asemavyo mtu aliyeletewa habari ya mtaani kwake, na jioni ile hapakusomwa tena.

Sisi tulikuwa tumekishughulikia kitabu hiki kwa miaka minne, tumebishana juu ya sihiri na juu ya mavazi, tumezungumza na maimamu wawili, na hata siku moja hatukumfikiria yule nahodha. Baada ya usiku ule hatukuweza kumwacha. Tukaanza kusoma historia pamoja na mtoto, na mambo yakatoka moja baada ya jingine. Haggard mwenyewe aliishi Afrika ya Kusini alipokuwa kijana, tangu mwaka 1875, lakini kaka yake John, ofisa wa majini, alikuwa makamu wa balozi mdogo wa Uingereza mjini Lamu katika miaka ya 1880. Pwani yetu aliipata kwa njia ya nyumbani. Riwaya yake nyingine, Allan Quatermain ya mwaka 1887, inaanza safari Lamu penyewe.

Na tazameni tarehe. Wiki ambazo wasomaji wa London walikuwa wakingojea kwa hamu kipande kingine cha malkia mweupe anayetawala mapango ya Afrika ya Mashariki, ndizo wiki ambazo Uingereza na Ujerumani zilikuwa zikiigawa Afrika ya Mashariki yenyewe. Mapatano yao yalifungwa tarehe 1 Novemba 1886. Sayyid Barghash bin Said alibakishiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na bara ikakatwa vipande viwili juu ya ramani. Hatusemi kwamba Haggard ndiye aliyeshika mkasi. Tunasema kwamba katika amri zote mbili, ya malkia wa kitabuni na ya mabalozi wa kweli, watu waliotajwa kwa jina walisalimika, na wasiotajwa wakawekewa chungu.

Mji wa kale wa Ayesha, uitwao Kôr, nao una habari yake. Haggard anasema ulijengwa na taifa kubwa lililokwisha zamani, wala wenyeji wanaoishi humo hawakuujenga. Zama zile Wazungu wengi waliyasema maneno hayohayo juu ya Zimbabwe Kuu, wakiwapa sifa Wafoinike na wengineo, hadi David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walipochimba na kuonyesha kwamba ni kazi ya Waafrika. Tulimwonyesha Asha picha za Husuni Kubwa ya Kilwa, na tukamweleza kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu ujenzi wake na uchaji wa sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman. Picha hizo ameziweka sandukuni, kila moja na mfuko wake.

Bibi hakusema litupwe. Hakusema pia kwamba limehalalika. Alisema jina la Asha halikuharibiwa na kitabu, kwa kuwa mwenye kulistahili yuko juu zaidi ya hapo, na kwamba mtu akitaka kulitupa sanduku, basi kwanza amwandikie nahodha kisa chake. Wiki zake za mwisho hapa alikaa na mjukuu wake mezani, Asha akichora na yeye akikosoa. Foromali haikai hivyo, tanga likijaa huvuta huku, na omo la jahazi si kama pua ya bata. Ziko kurasa nne. Nahodha hana chungu kichwani, bado yumo jahazini, na juu yake kuna upepo wa kusi uliochorwa kwa mistari ya kalamu ya risasi iliyofutwa na kuchorwa tena mara nyingi. Bibi alipendekeza pia sanduku litiwe karafuu kuzuia wadudu. Mkusanyaji alikataa kwa adabu, akihofia mafuta yake kwenye karatasi.

Asha sasa ni mtu mzima na yuko masomoni mji mwingine, lakini sanduku ametuachia sisi. Mdogo wake amekwisha kuanza kulifungua. Yule mzazi aliyetupigia simu tungali tukionana naye kila Ijumaa, na rai yake haijabadilika, nasi tunaiheshimu. Mmoja wetu pia bado hajaridhika.

Bibi alituagiza tumtafutie nakala ya zamani ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, ile aliyoisoma shuleni Unguja, kwani anataka kuona kama humo nako kuna watu waliopita bila ya yeye kuwatambua. Tumetafuta katika maduka ya vitabu vikuukuu bila ya kufanikiwa. Ikiwa yuko msomaji ambaye wazee wake walikuja nayo na imo darini au chini ya nguo, tunaomba atuazime. Jalada likiwa limechakaa si kitu, na mfuko wa plastiki tutautoa sisi.

Wabillahi tawfiq.